Kutoka Nkungwe hadi Kibo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapandaji wa Kigoma na Tabora

Maswali haya ni ya mtu anayeishi Kigoma, Ujiji, Kasulu, Urambo, Tabora au jirani na huko, ambaye amejiwekea nia ya kusimama juu ya vilele vitano kwa miguu yake. Miguu unaweza kuitengeneza nyumbani. Kuzoea hewa nyepesi huwezi kukutengeneza nyumbani, na majibu mengi hapa chini yanatokana na jambo hilo.

Ni milima ipi, na kwa nini hiyo?

Nkungwe (mita 2,462), Hanang (3,417), Loolmalasin (3,682), Meru (4,566) na Kibo, yaani kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro (5,895). Minne ya mwisho ndiyo mirefu kuliko yote Tanzania ukihesabu kila mlima unaojitegemea. Nkungwe haumo katika minne hiyo. Umewekwa kwa sababu ndio mrefu kuliko yote mkoani Kigoma, na mtu wa Kigoma kuukimbilia Kibo bila kuugusa Nkungwe ni kumruka mwenyeji. Tabora ni uwanda wa mita 1,200 hivi wenye vilima vya mawe tu, kwa hiyo watu wa Tabora huazima Nkungwe.

Mawenzi (5,149) ni kirefu kuliko Meru, lakini ni kilele cha Kilimanjaro hiyohiyo, na kinataka kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Hakimo. Ol Doinyo Lengai (2,962), pamoja na sifa zake zote za volkano, ni mfupi kuliko Hanang.

Mbona urefu niliousoma kwingine ni tofauti?

Vipimo vimefanywa nyakati tofauti kwa vyombo tofauti. Meru utaukuta 4,562 au 4,566. Loolmalasin 3,648 au 3,682. Hanang 3,417 au 3,420. Kibo kilipopimwa kwa setilaiti mwaka 1999 kilipatikana 5,892, lakini 5,895 ya mwaka 1952 ndiyo inayotumika hadi leo. Mpangilio wa nani mrefu kuliko nani haubadiliki, kwa hiyo usigombane na mtu.

Nianze na upi?

Anza na Nkungwe, kisha Hanang, Loolmalasin, Meru, umalizie Kibo. Bahati ni kwamba barabara nayo imejipanga hivyohivyo. Ukitoka Tabora kwa basi unapita Nzega, Singida, halafu Katesh, ambako Hanang uko juu ya mji. Mbele yake ni Babati, kisha Makuyuni, ambako njia ya kwenda Karatu na Ngorongoro inachepuka. Loolmalasin uko huko. Ukirudi Makuyuni unaendelea Arusha kwa ajili ya Meru, na Moshi kwa ajili ya Kibo. Kila kituo kina mlima mrefu kuliko uliopita. Ukiacha kipande hicho cha kurudi Makuyuni, hakuna haja ya kurudi nyuma.

Ukiwa na likizo ya siku 20 hivi, minne ya kaskazini inaingia katika safari moja: Hanang siku mbili pamoja na kupumzika, Loolmalasin mbili, Meru nne, mapumziko siku mbili, Kibo saba, zilizobaki ni za barabarani. Ukigawanya kwa miaka si kosa, ila Meru na Kibo usivitenganishe kama unaweza. Mwili uliolala mita 3,570 pale Meru unabaki na mazoea yake kwa siku kadhaa. Ukirudi Kigoma ukakaa mwezi mzima mita 770 juu ya bahari, utaanza upya.

Miezi gani inafaa?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kalenda ya kwetu ni ya nchi nzima. Kigoma na Tabora mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Kaskazini kuna misimu miwili: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba, na katikati yake, Januari na Februari, kunakauka. Januari ambayo Nkungwe ni utelezi mtupu ni mwezi mzuri kwa Kibo. Ukitaka vyote katika mwaka mmoja bila kulowa, Nkungwe iwe Juni au Julai na kaskazini iwe Agosti hadi Septemba.

Nkungwe unapandwaje?

Uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, wilaya ya Uvinza, iliyoanzishwa mwaka 1985. Ndani ya hifadhi hakuna barabara za magari; ni kutembea tu. Kutoka Kigoma mjini ni karibu kilomita 130 kwa maji kuelekea kusini. Ukienda kwa boti, ondoka alfajiri, kwa sababu wakati wa kiangazi upepo wa kusini huamsha mawimbi ziwani kadiri jua linavyopanda. Jaketi okozi livae, usilikalie. Vitu vyote vya kulalia vifunge ndani ya mifuko miwili isiyopitisha maji kabla ya kupanda boti. Blanketi lililolowa ziwani halikauki msituni.

Kabla ya safari wasiliana na hifadhi upangiwe askari mwenye silaha na mwongozaji, kwani peke yako huruhusiwi. Mpango wa kawaida ni siku mbili hadi tatu. Wa siku tatu unakwenda hivi: siku ya kwanza kutoka ufukweni hadi kambi ya juu, ya pili kileleni na kurudi kambini, ya tatu kushuka. Wa siku mbili unawezekana kwa mwenye miguu mizuri, lakini magoti yatadai.

Kutoka ziwani hadi kileleni unapanda karibu mita 1,700. Hiyo ni zaidi ya ile ya usiku wa mwisho wa Kibo, ambayo haifiki mita 1,250. Ndiyo maana Nkungwe ni mtihani halali wa miguu. Mapafu hauyapimi sana, kwa sababu kilele kiko chini kidogo ya pale ambapo ugonjwa wa mwinuko huanza kuwasumbua watu wengi, mita 2,500 hivi.

Kinachowaangusha watu Nkungwe ni joto na unyevu wa msitu wa chini, si baridi. Mtu anaanza saa tatu asubuhi akiwa na lita moja na nusu ya maji, na saa saba mchana ana kichwa kinachogonga. Anza kutembea saa kumi na mbili. Beba lita 4, na umuulize mwongozaji kabla ya kuondoka kama vijito vya njiani vina maji wakati huo. Suruali iwe ndefu na uichomeke ndani ya soksi. Siafu hawana subira. Juu msitu unapisha mianzi na majani, na usiku utahitaji sweta hata kama mchana ulitoa jasho la ndoo.

Mambo mawili ya adabu. Mlima huu ni wa heshima kwa Watongwe, kwa hiyo mwongozaji akikuambia mahali fulani hapapigiwi kelele, sikiliza. Na ukikutana na sokwe, kaa mbali angalau mita 10, vaa barakoa. Mwenye mafua asiwasogelee kabisa, kwa kuwa magonjwa yetu ya kifua huwaua.

Hanang ni wa siku moja kweli?

Ndiyo, kwa njia ya Jorodom kutokea Katesh, saa 8 hadi 10 kwenda na kurudi kwa mtu wa kawaida. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kibali na mwongozaji unavipata kupitia ofisi yao. Lala Katesh usiku mmoja kabla. Maji beba yote kutoka chini, lita 4, usitegemee kuyakuta njiani. Sehemu ya juu ni mgongo mwembamba wenye upepo, na wengi hudhani wamefika kabla hawajafika. Ukifika kwenye kilele, ukaona kingine mbele kilichozidi, endelea.

Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani vikaua watu Katesh. Wakati wa mvua kubwa huu mlima uache.

Na Loolmalasin? Mbona hausikiki?

Kwa sababu uko ndani ya eneo la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, karibu na kreta ambayo ndiyo kila mtu anaifuata. Utalipia kiingilio cha eneo, askari na usafiri wa gari hadi mwanzo wa mlima, kwa hiyo ni bora kwenda watu wanne kwa gari moja. Njia ni za ng'ombe wa Wamasai, zinagawanyika ovyo, na ukungu ukishuka mtu asiye mwenyeji hatoki. Nyati wapo. Ni wa siku moja, anza alfajiri.

Meru una ugumu gani kuliko unavyoonekana?

Ugumu wake ni siku ya tatu. Siku ya kwanza unatoka lango la Momella hadi vibanda vya Miriakamba (2,514), ukiwa na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Ya pili unafika vibanda vya Saddle (3,570), na mchana ule unapanda Meru Ndogo (3,820) kisha unarudi kulala. Usiiruke hiyo kwa kisingizio cha uchovu, maana kupanda juu ukashuka kulala ndiko kunakomzoesha mwili. Siku ya tatu unaanza usiku wa manane, unapita Rhino Point, halafu ni mgongo mwembamba wa ukingo wa kreta, majivu yanayoteleza upande mmoja na bonde upande mwingine. Alfajiri mawe huwa na barafu nyembamba. Baada ya kilele unashuka siku hiyohiyo hadi Miriakamba, zaidi ya mita 2,000 za kuteremka. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla. Asiyefanya hivyo huzipoteza zikiwa nyeusi.

Kibo: njia ipi, siku ngapi?

Chukua siku nyingi kuliko unazoshawishiwa kuchukua. Marangu ndiyo yenye vibanda: Mandara (2,720), Horombo (3,720) na Kibo (4,720). Inauzwa kwa siku tano na ndiyo maana inaonekana rahisi mfukoni, lakini kwa siku tano unapandisha kitanda chako mita 1,000 kila usiku. Ongeza siku ya sita ulale Horombo mara mbili. Machame kwa siku saba na Lemosho kwa saba au nane hulalwa kwenye mahema, na zote mbili zina siku ya kupanda juu na kushuka kulala chini, jambo ambalo Marangu hailifanyi vizuri. Aliyetoka Meru juzi anaweza Marangu ya siku sita kwa wasiwasi mdogo. Aliyetoka Kigoma moja kwa moja aende Lemosho.

Usiku wa mwisho unaondoka karibu saa sita. Kwa Marangu unafika kwanza Gilman's Point (5,685), kwa Machame na Lemosho Stella Point (5,756). Kutoka hapo hadi Uhuru si mwinuko mkali lakini ni mrefu kwa mtu aliyechoka: saa moja kutoka Stella, karibu mbili kutoka Gilman's. Cheti utapewa hata ukiishia ukingoni. Kwa orodha hii, Uhuru tu ndiyo inahesabika.

Maji ya chupa za plastiki za kutupa hayaruhusiwi mlimani, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima Juni 2019. Beba chupa ngumu mbili za lita moja. Usiku wa kilele zigeuze kichwa chini ndani ya begi, kwani barafu huanzia juu na mfuniko hautaganda. Mrija wa maji unaganda ndani ya saa moja, uache kambini. Simu na betri za tochi ziwe mfuko wa ndani, karibu na ngozi.

Nitafanyaje mazoezi, hasa Tabora ambako kila kitu ni tambarare?

Wiki 12, siku tatu kwa wiki, na siku moja kati ya hizo iwe ndefu. Begi lianze na kilo 5 na lipande taratibu hadi 10. Mchanga uliofungwa vizuri kwenye mfuko wa sandarusi unatosha. Kigoma una milima ya mjini na barabara ya Manyovu. Chagua kilima chenye mwinuko wa mita 100 na ukipande mara tano, kisha nane, mwishoni kumi. Ukifika kumi umepata mita 1,000 za siku moja.

Tabora tumia ngazi. Ghorofa moja ni kama mita 3, hivyo jengo la ghorofa nne linakupa mita 12 kila ukipanda toka chini hadi juu ya paa. Kufika mita 500 ni zaidi ya mara 40. Inachosha akili kabla ya miguu, na hilo lenyewe ni zoezi. Usipuuze kushuka. Shuka polepole na begi likiwa mgongoni, kwa sababu mapaja yanayoumia baada ya Meru yanaumizwa na mteremko.

Mbio hazina ubaya, ila zisikudanganye. Wakimbiaji ndio hupanda haraka siku ya kwanza wakaugua siku ya tatu.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini hasa, na nifanye nini?

Hewa ya Uhuru ina shinikizo la karibu nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni nusu. Mwili unahitaji siku kujirekebisha, na ujana au nguvu haviharakishi. Dalili za kawaida ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida na usingizi mbovu. Ukiwa nazo, baki ulipo, usipande. Zikizidi ukiwa umepumzika, shuka mita 500 hadi 1,000.

Dalili mbili hazisubiri asubuhi. Ya kwanza ni kupumua kwa shida hata ukiwa umekaa, pamoja na kikohozi kinachotoa povu, wakati mwingine lenye rangi ya damu: maji yamejaa mapafuni. Ya pili ni kupepesuka na kuchanganyikiwa: ubongo umevimba. Mpime mwenzako kwa kumwambia atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole gumba cha mguu mwingine. Akishindwa, ashushwe usiku huohuo. Mtu wa namna hii mara nyingi husema yuko sawa. Usimsikilize.

Zaidi ya mita 3,000, jitahidi kila usiku usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale mara mbili. Dawa ya acetazolamide, miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, husaidia, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Dawa za usingizi na pombe ziache chini.

Nikipata homa mlimani, ni mwinuko?

Fikiria malaria kwanza. Mwinuko huleta kichwa na kichefuchefu, lakini joto la nyuzi 38 na zaidi si tabia yake. Ukiumwa na mbu Kigoma, malaria hujitokeza baada ya siku 7 au zaidi, yaani pale hasa unapokuwa Meru au Kibo ambako hakuna mbu na hakuna anayeifikiria. Pima Arusha au Moshi siku moja kabla ya kuingia langoni kama una mwili usioeleweka, na beba dozi kamili ya dawa mseto. Mwenye homa hapandi. Anameza dawa huku akishuka.

Nina selimundu au nimebeba vinasaba vyake. Je, naweza?

Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande milima hii ya kaskazini; oksijeni ikipungua seli hupinda na maumivu yake yanaweza kuua. Aliyebeba vinasaba tu, bila ugonjwa, wengi hupanda salama, lakini maumivu makali ya ubavu wa kushoto chini ya mbavu yakianza ni dalili kwamba wengu umeumia: shuka mara moja. Kama hujui hali yako, pima kabla. Ukanda wetu una wabebaji wengi.

Vifaa ninunue au nikodi?

Viatu nunua, tena miezi miwili kabla, na uvivae kwenye kila zoezi. Viwe vikubwa kwa nusu saizi ili soksi nene iingie. Vingine vyote vizito (jaketi la manyoya, begi la kulalia, fimbo, gaita za kuzuia vumbi na mawe kuingia viatuni) vinakodishwa Arusha na Moshi. Jaribu zipu zote mbele ya mwenye duka. Sweta za ndani na suruali nyepesi zinapatikana mtumbani Kigoma na Tabora kwa bei ya soda chache, maana wanunuzi wa huku hawazigombanii. Epuka suruali za jinzi na fulana za pamba, kwani zikilowa jasho hazikauki. Kwa usiku wa Kibo vaa tabaka nne au tano juu, tatu chini, glavu jozi mbili moja juu ya nyingine, na tochi ya kichwani yenye betri mpya.

Chakula cha kwetu kinafaa?

Karanga na asali ya Tabora, naam. Asali kwenye chai ya tangawizi inaingia hata pale ambapo mdomo umekataa kila kitu. Dagaa wakavu ni wepesi na wana nguvu, lakini chumvi yake inadai maji; wale jioni, si ukiwa unatembea. Chochote cha mafuta mengi, mawese yakiwemo, kinakaa tumboni kama jiwe juu ya mita 4,000.

Naweza kupanda nikiwa nimefunga Ramadhani?

Kwa Nkungwe na milima mingine yote ni hatari, kwa kuwa unahitaji lita 3 hadi 4 za maji kwa siku. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku baadaye. Ongea na shehe wako. Angalia kalenda mapema, maana mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaanza Februari, mwezi ambao vinginevyo ni mzuri kwa Kibo.

Malipo yanakwendaje?

Beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Bila hicho huwezi kudai kiwango cha Mtanzania, na tofauti yake ni kubwa mno. Ada za hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo kupitia benki au simu, si taslimu langoni, kwa hiyo usimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi kwamba atakulipia. Kilimanjaro lazima uende na mwongozaji mwenye leseni. Ukiulizwa bei, taka orodha inayotenganisha ada, chakula, usafiri na ujira wa wapagazi. Bei inayoshangaza kwa udogo huwa imekatwa kwenye ujira wao. Mzigo wa mpagazi mmoja usizidi kilo 20, na una haki ya kuutazama ukipimwa langoni.

Nikigeuzwa njiani, je, nimefeli?

Mlima huo haujahesabika, basi. Mingine inabaki yako, na huhitaji kuanza orodha upya. Ila mwongozaji akisema shuka, shuka, hata kama kibao cha Uhuru unakiona.

Nathibitishaje kwamba nimemaliza?

Picha ya uso wako na kibao pale penye kibao, risiti ya malipo yenye jina lako, na cheti kwa Meru na Kibo. Kwa Loolmalasin na Nkungwe, washa programu ya kurekodi njia kwenye simu tangu unapoanza na uihifadhi kabla betri haijaisha. Usishtuke simu ikionyesha urefu uliopungua au kuzidi kwa makumi ya mita. Kinachoangaliwa ni mahali ulipofika kwenye ramani. Risiti zipige picha siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi zake hufifia na baada ya miezi michache hutaona kitu.